Operesheni ya kapo taneli: ya kupasua kiganja au ya kamera? Mliofanyiwa nisaidieni

SindanoNaUzi
Wakuu habari zenu. Mimi ni fundi cherehani, mkono wa kulia unanisumbua mwaka wa pili sasa, wanaita kapo taneli, yaani neva imebanwa pale kifundo cha mkono, ganzi kidole gumba, cha shahada, cha kati, na cha pete nusu tu, yaani upande unaotazama cha kati ndo umekufa, upande wa pili mzima kabisa, nikadhani najitungia. Usiku ndo balaa, naamka saa nane mkono unawaka moto naukung'uta kama nakung'uta kitambaa kibichi, nikiuning'iniza nje ya kitanda unapoa, nalala, baada ya saa moja tena yale yale. Nimevaa gango la usiku miezi mitatu, nimechomwa sindano ya steroidi ikanipa raha kama wiki kumi hivi halafu mambo yakarudi. Kipimo cha neva kikaonyesha imebanwa sana. Siku hizi naokota pini mezani, macho yanaiona iko kati ya vidole ila vidole vyenyewe havijui kama vimeishika.

Daktari kasema operesheni, kanipa chaguo mbili, ya kupasua kiganja na ya kamera, eti nikafikirie. Nifikirie nini na sijui tofauti? Kazi yangu ni mikono, nikikaa sana wateja wanahama. Ipi inapona haraka na ipi ya uhakika?

Kiganja_Kimoja
Pole sana fundi, hapo kwenye kukung'uta mkono usiku umenikumbusha mbali. Mi nilifanya ya kupasua, kovu langu liko katikati ya kiganja kama sentimita 4 hivi, siku hizi hulioni mpaka nikuonyeshe. Ganzi nilichomwa palepale kiganjani (hiyo sindano ndo kitu pekee kilichouma siku ile, sikufichi), nikawa macho muda wote nawasikia wanapiga stori za mpira, dakika kumi na tano hivi washamaliza, nikaenda nyumbani. Usiku ule ule nililala moja kwa moja mpaka mke wangu akaja kuniamsha akihofia labda nimezimia.

Ila nikwambie ukweli, kovu si shida, shida ni pale chini ya kiganja, zile nyama mbili za kushoto na kulia. Kusukuma mlango, kujiinua kwenye kiti, kukamua kitambaa, unasikia kama mfupa umepigwa nyundo. Miezi mitatu hiyo, halafu ikaisha yenyewe. Mi ningesema fanya ya kupasua tu, daktari anaona kila kitu kwa macho yake. Hizo za kamera naona ni mbwembwe.

Mzee wa Kibodi
Mbwembwe vipi mkuu, mi nimefanyiwa hiyo ya kamera mkono wa kushoto na siku ya tisa nilikuwa nachapa kwenye kompyuta, polepole lakini nachapa. Tundu ni moja tu, sentimita 1 hivi, kwenye mikunjo ya kifundo cha mkono, kiganja hakijaguswa kabisa kwa juu. Sasa wewe fundi ambaye mkasi unakandamiza kiganja kile kile fikiria hapo.

Nami niseme ukweli wangu, baada ya operesheni kidole cha kati kilikuwa kinapiga shoti kama umeme wiki tatu nzima, nikajua wameniharibu. Nikarudi, daktari akasema neva imeguswaguswa tu itatulia, na kweli ikatulia. Lakini zile wiki tatu sikuwa na amani.

Nesi wa Thieta
Ngoja niingie maana nimesimama kwenye hizi operesheni nyingi sana. Mnabishania mlango wakati chumba ni kimoja. Pale kifundoni kuna njia nyembamba, chini ni mifupa, juu imefunikwa na ligamenti ngumu kama mkanda wa ngozi, ndani zinapita kano 9 za kukunja vidole na neva moja ya kati. Ndani kukijaa neva ndo inaumia maana yenyewe ni laini kuliko wenzake. Operesheni zote mbili zinakata ligamenti ile ile ili njia itanuke, tofauti ni unaifikia kwa kupasua kutoka juu au kwa kupitisha kamera na kisu kwa chini yake. Na hiyo ya kamera si kitu cha jana, ilishaanza tangu miaka ya 1980 mwishoni.

Ndo maana ukiwapima watu baada ya mwaka hutajua nani alifanya ipi. Mapitio ya Cochrane (mtandao wa watafiti wanaojumlisha tafiti za tiba) ya 2014 yalikusanya tafiti 28, wa kamera walirudi kazini mapema kwa wastani wa siku 8, siku nane jamani si miezi, na kovu halikuwasumbua sana kama wenzao. Upande wa pili, ile shoti aliyoipata Mzee wa Kibodi inatokea zaidi kwa kamera, mara nyingi ni ya kupita. Hayo maumivu ya Kiganja_Kimoja yanaweza kumpata yeyote kwani inadhaniwa yanatokana na ligamenti kukatwa, sio ngozi tu.

Kuna ya tatu pia hamjaitaja, kupasua kadogo, sentimita 2 au chini ya hapo. Madaktari wengi siku hizi wakisema "ya kupasua" wanamaanisha hiyo, muulize wako. Na kuna wanaokata ligamenti kwa uzi wakiangalia kwa altrasaundi, fundi hiyo ungeipenda, ila wanaoifanya ni wachache.

Fundi, muulize daktari kwa mwezi anafanya ngapi za aina hiyo anayokupa. Kamera inataka mkono uliozoea, tawi la neva linaloendesha gumba liko jirani kabisa, na ligamenti isipokatwa yote utarudi na ganzi yako ile ile. Halafu kubali kabisa kwamba ukianza na kamera na asipoona vizuri atapasua, hiyo si kushindwa, mimi namheshimu zaidi anayefanya hivyo. Kama mkono ulishapasuliwa hapo zamani au kuna uvimbe ndani, wengi huenda moja kwa moja kwenye kupasua.

Chelewa_Chelewa
Mi sina la kusema kuhusu kamera, nasema tu usikae. Nilivumilia miaka minne najipa moyo, nyama ya chini ya gumba ikanywea mpaka pakawa bapa kama sahani. Nimefanyiwa, maumivu ya usiku yameisha kweli, lakini ncha za vidole bado zina ganzi na kifungo cha shati mpaka leo nakitafuta kwa macho.

SindanoNaUzi
Aisee asanteni sana, hapo kwa Chelewa nimejiangalia gumba langu haraka sana. Limepungua kidogo ukilinganisha na la kushoto, sikuwa nimeona. Nesi swali, hivi nitalazwa nusu kaputi? Na nyuzi zinatoka lini? Nina oda nataka kumaliza kwanza.

Nesi wa Thieta
Nusu kaputi kwa hii ya kupasua mara nyingi haina haja, ganzi ya mkononi inatosha. Wapo wanaochanganya ganzi na adrenalini, damu inapungua na hawakufungi ule mkanda wa kubana mkono wa juu, maana ule ndo watu wanaulalamikia kuliko kisu. Ya kamera wengine wanatumia dawa ya kukusinzisha kidogo. Nyuzi siku 10 mpaka 14. Vidole unaanza kuvichezesha siku hiyo hiyo, mkono uweke juu ya usawa wa moyo siku za mwanzo. Mkasi mzito usiuguse mpaka wiki ya 4 au 6 hivi, nguvu yote ya kubana inarudi baada ya miezi 2, 3 na kuendelea. Oda zigawe kwa mafundi wenzako, gumba likishaanza kunywea sio la kusubiri oda.

SindanoNaUzi
Nimempigia daktari. Za kamera anafanya mara moja moja tu, za kupasua kadogo anafanya kila wiki. Basi nimechukua hiyo ya kila wiki, Jumanne ijayo.

Kiganja_Kimoja
Safi. Anza leo kujizoeza kufunga suruali kwa mkono wa kushoto, mi nilikuja kugundua chooni.

SindanoNaUzi
😂😂 Suruali nazishona mwenyewe, naweka lastiki.