robocopy /MIR imenifutia picha za wateja bila kuuliza hata mara moja

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sijapata usingizi wa maana tangu Jumatatu. Nina studio ndogo ya picha hapa Morogoro: harusi, sendofu, ubatizo, mahafali. Usiku huo nimepoteza picha za sendofu ambayo wenyewe hawajakabidhiwa hata moja, pamoja na kazi za 2019 hadi 2022. Hakuna virusi, diski haikudondoka, umeme haukukatika. Zimefutwa na robocopy, komandi ya Windows ya kunakili mafaili, ambayo kila unakogusa watu wanaisifia kwa bakapu.

Kompyuta ya studio ina diski D, ndiko kazi za sasa zinakokaa. Eksteno, yaani diski ya nje ya kuchomeka, ni E, na ndani yake kulikuwa na folda za kazi za zamani ambazo D hazipo kabisa, na hiyo sendofu niliyoishusha humo moja kwa moja kutoka kwenye memori kadi Jumamosi usiku kwa sababu D ilikuwa imejaa. Kadi nikaifomati Jumapili kwa kazi nyingine. Nilichotaka ni nakala ya D iongezeke kwenye E. Nikaandika:

robocopy D:\ E:\BACKUP /MIR /R:1 /W:1

Hizo /R (mara za kujaribu tena) na /W (sekunde za kusubiri) niliziweka kwa sababu nilishaumwa. Usipoziweka, ikikuta faili limefunguliwa na programu nyingine, au ikigonga ile System Volume Information, folda ya Windows yenyewe isiyoruhusiwa kusomwa, inasubiri sekunde 30 kisha inajaribu tena, mara 1,000,000. Pigeni hesabu wenyewe: ni siku 347 kwa faili moja. Nani alikaa akaona hicho ndicho kiwango cha kumpa mtu ambaye hakusema chochote?

Ikamaliza salama. Nafungua E, folda ya BACKUP haipo. Nikarifreshi, haipo. Nikachomoa eksteno, nikachomeka, haipo. Leo najua kwamba ilikuwepo, imejaa, kila kitu ndani. Ukinakili kuanzia mzizi wa diski, yaani D:\ tupu bila jina la folda, robocopy inachukua na alama za mzizi wenyewe, ambao Windows inauhesabu kuwa ni wa mfumo na wa kufichwa, inaibandika folda yako mpya alama hizo hizo. Dawa yake ni mstari mmoja tu, attrib -s -h E:\BACKUP, folda inaonekana papo hapo. Lakini Jumatatu saa nne usiku sikulijua hilo. Nilichokiona ni kwamba kazi haikufanyika, nikadhani tatizo ni jina la folda. Nikalitoa:

robocopy D:\ E:\ /MIR /R:1 /W:1

Mistari ikaanza kupita:

*EXTRA Dir   -1   E:\BACKUP\
*EXTRA Dir   -1   E:\HARUSI_2019\
*EXTRA Dir   -1   E:\SENDOFU_JMOSI\

Niliiona. Niliisoma kwa macho yangu. Nikaelewa ni taarifa tu, kwamba hivi vipo huku na kule havipo. Nikaenda kufunga geti. Niliporudi ilikuwa imeshafika kwenye kunakili, na mwishoni ikaniletea jedwali lake: safu ya FAILED, sifuri. Kwa mujibu wake kila kitu kimekwenda vizuri.

Sasa hapa ndipo hasira yangu ilipo. Jana nimetengeneza folda mbili za majaribio zenye faili mbili tatu. Ukiendesha bila /MIR inaandika *EXTRA File, na faili linabaki. Ukiendesha na /MIR inaandika *EXTRA File, neno lile lile, herufi kwa herufi, na faili halipo tena. Halipo hata kwenye Recycle Bin. Mnawezaje kutumia neno moja kwa "nimekiona" na kwa "nimekifuta"?

Najua mtaniambia nisome maelezo. Nimeyasoma. Robocopy /? inasema /MIR ni sawa na /E (nakili na folda zote za ndani) pamoja na /PURGE, kisha upande mwenyewe mstari wa juu yake ukaisome /PURGE. Pale wameandika: "delete dest files/dirs that no longer exist in source". Hilo "no longer" ni la kitu kilichokuwepo chanzoni kikaondolewa. Picha za sendofu hazijawahi kukaa D hata dakika moja. Nazo zimefutwa.

Na haiulizi. Andika del *.* kwenye folda, komandi ya zama za DOS hiyo, inakuuliza kama una uhakika, Y au N. Format inauliza. Hii inafuta folda nzima nzima kwenye eksteno na haisimami hata kidogo. Ilianza miaka ya 1990 kwenye vifaa vya ziada vya Windows NT, kwa mafundi wa seva, hilo naliheshimu. Lakini tangu Vista ipo ndani ya kila kompyuta, ya mwalimu, ya muuza duka, ya mpiga picha. Mtu kama mimi hakuwahi kufikiriwa.

Kuna /L, inaorodhesha bila kugusa kitu. Iwekeni kabla ya /MIR yoyote, na kila mstari wa *EXTRA usomeni kama "hiki kinakufa". Na kama mnachotaka ni kunakili tu, tumieni /E, /MIR muiache.

Mama wa bibi harusi amepiga simu mara mbili leo. Nimemwambia bado nazisafisha, na sijapenda nilivyosema hivyo.

Eksteno nimeichomoa, haijaandikwa kitu tena. Fundi mmoja amepitisha programu ya kurudisha: JPEG nyingi zimerudi bila majina, ila RAW (faili ghafi za kamera) za sendofu zinarudi na ukubwa kamili wa MB 20 na kitu na hazifunguki, nyingine zinafunguka nusu ya juu na chini ni kijivu. Swali langu kwa wenye uzoefu: hizo nusu kijivu kuna namna ya kuunganisha, au ndiyo sehemu zilizoandikwa juu yake na nakala mpya? Na ile picha ndogo ya JPEG inayokaa ndani ya RAW inaweza kuchomolewa peke yake? Hata hiyo ingetosha kwa albamu.