Leseni ya SCADA: kwa tegi, kwa seva au kwa kifaa? Hesabu ya visima 12

KisimaKirefu
Wakuu, naandaa bei ya SCADA (programu ya kusimamia mitambo kwa kompyuta) ya mradi wa maji, visima 12 na matangi 4. Kila pampu ina ishara 6 za hali (inazunguka, hitilafu, oto, vali wazi, vali imefungwa, kinga ya kukauka; oto ni kujiendesha yenyewe), amri 3 (washa, zima, futa hitilafu) na vipimo 5 (kasi, ampea, mtiririko, presha, kina). Kila tangi lina kina na kengele 2. Jumla tegi 180, maana kila ishara, amri au kipimo ni tegi moja. Nalinganisha programu mbili za SCADA, WinCC V7 na Ignition: leseni zake zinahesabiwaje?

Biti16
Anza na WinCC, maana ndiko watu wengi wanakosea hesabu. Zinazohesabiwa ni tegi za nje, yaani zinazosoma au kuandika kwenye PLC (kompyuta ndogo inayoendesha pampu). Za ndani hazilipiwi. Ngazi za leseni ni tegi 128, 512, 2048, 8192 na kuendelea. Kwa 180 utalipia 512, na 332 zitalala tu.

Ila tegi moja inabeba neno zima la biti 16, yaani nafasi 16 za sifuri au moja. Ndani ya PLC zifunge zile ishara 6 kwenye neno moja: biti 0 inazunguka, biti 1 hitilafu, na kadhalika. Kengele za WinCC zinakubali utaje tegi na namba ya biti, kwa hiyo hupotezi ujumbe wowote. Amri 3 nazo ziweke kwenye tegi moja. Kisima kinabaki na tegi 7, mara 12 ni 84. Tangi tegi 2 (kina, na neno la kengele), mara 4 ni 8. Jumla 92, unaingia kwenye 128 na akiba ya 36.

Rejista40001
Kwenye ishara za hali sina pingamizi. Kwenye amri tahadhari sana: usiandike biti moja moja. SCADA inasoma neno zima, inabadili biti, kisha inalirudisha lote. Waendeshaji wawili wakibonyeza kwa pamoja, wa pili anafuta amri ya wa kwanza na pampu haiwaki. Tuma namba: 1 washa, 2 zima, 3 futa hitilafu. PLC ikishaitekeleza, irudishe 0.

LangoKuu
Ignition inalipiwa kwa seva. Tegi na skrini za watumiaji hazina kikomo. Gharama inahamia kwenye moduli: Perspective (ya skrini), ya kumbukumbu za tegi, ya kutuma kengele, kila moja na bei yake. Seva ya akiba nayo inataka leseni yake. Majaribio ni saa 2 na unaweza kuyaanzisha upya, kwa hiyo jengeni mradi wote kabla ya kulipa. Mkibadilisha kompyuta, ondoeni leseni kwenye ile ya zamani kwanza.

Kinachoamua ni draivu za pampu (vifaa vinavyodhibiti kasi ya mota). Mkisoma tegi 60 kwa kila draivu, ni 720 zaidi. Pamoja na zile 92 jumla ni 812, WinCC inapanda hadi 2048. Hapo mimi nachukua Ignition bila kusita.

KisimaKirefu
Kwenye draivu tunataka vitu 3 tu: saa za kazi, joto na namba ya hitilafu. Halafu transmita za HART (vipimo vinavyotuma data ya kidijitali juu ya waya uleule wa ishara) zinahesabiwaje?

Rejista40001
Hiyo ni leseni nyingine kabisa, msiichanganye na ya SCADA. AMS Device Manager, programu ya kusimamia vifaa vya kupimia, kwa mfano, inahesabu kifaa. Transmita ikitoa vipimo vinne bado ni moja.

Biti16
Mkuu, 3 mara 12 ni 36, ukijumlisha na zile 92 umefika 128 kamili. Hata tegi moja ya ziada haiingii, na ukizidisha programu inaingia hali ya demo (majaribio).

Joto na namba ya hitilafu zisomwe kwa zamu: mwendeshaji anachagua namba ya pampu, PLC inanakili data ya pampu hiyo kwenye maneno mawili ya pamoja. Ni tegi 3 (namba ya pampu na maneno hayo mawili) badala ya 24. Usiziwekee kumbukumbu, maana grafu itachanganya pampu zote. Saa za kazi ziache kila moja na tegi yake, kwa kuwa ratiba ya matengenezo inazitegemea. Jumla 92 + 12 + 3 = 107, zimebaki 21.