Gemu za diski mbili mbili: ndiyo tunakoelekea, au zitaisha?

Mwana_Msimbati (Mtwara)

Wakuu habari za jioni. Nina kibanda cha gemu hapa Magomeni, Mtwara mjini. PS4 kadhaa, runinga, mabenchi na feni. Mchana ni vijana wa mpira, wanalipa kwa mechi. Hao hawana shida, mpira wote unakaa kwenye CD moja. Ila hela yangu nyingine natoa kwa kukodisha CD za gemu za stori kwa watu wenye PS4 zao majumbani, wengi ni watumishi waliohamishiwa huku na vijana wa bandarini. Mtu anachukua Ijumaa, anarudisha Jumatatu.

Sasa Red Dead Redemption 2 na The Last of Us Part II zote zina diski mbili ndani ya kasha moja. Kesi ndipo zinapoanzia. Mteja anarudisha moja, ya pili eti imebaki kwa shemeji yake Masasi. Mwingine anakuja na hasira kwamba gemu haiwaki, kumbe hajaanza na ile ya kuingizia gemu kwenye mashine.

Kuna kijana wa Chuno ananiambia nizoee tu. Anasema gemu zinanenepa kila mwaka na diski ina kikomo chake, kwa hiyo za PS5 zitakuja tatu, nne, kama zile za PS1. Nataka kujua kabla minada ya korosho haijaanza na watu hawajawa na hela: hizi diski nyingi ndiyo itakuwa kawaida? Jibu ndilo litakaloamua ninunue PS5 yenye sehemu ya CD au isiyo nayo, na hii kazi ya kukodisha niiendeleze au niifunge taratibu.

korosho_ghafi

Mkuu CD zishakufa hizo. PS5 Pro ya 2024 imetoka haina hata pa kuchomeka CD, ukitaka unanunua kifaa chake pembeni. Xbox Series S tangu 2020 haina kabisa. Uza hayo makasha mapema kabla hayajawa mapambo.

Mwana_Msimbati

Nishushe GB mia kwa bando? Wewe utakuwa upo Dar.

korosho_ghafi

Mbezi 😂 ila nyumbani Newala, usinitenge.

Fundi wa Mtanda (Lindi)

Ndugu yangu wa Magomeni, salamu kutoka Lindi. Mimi nafungua hizi mashine tangu enzi za PS1 zilizowekewa chipu. Huyo kijana wa Chuno kasema kweli nusu, ila kachanganya vitu viwili.

CD ya PS1 ilibeba chini kidogo ya MB 700. Final Fantasy VII ya 1997 ikaja na CD tatu, VIII na IX zikaja na nne nne. Kilichojaza nafasi hasa ni video. Ramani na mapigano vilirudiwa kwenye kila CD, kilichobadilika ni video za kipande hicho cha hadithi. Na mashine yenyewe haikuwa na pa kuweka gemu, ilisoma kwenye CD papo kwa papo, memori kadi ilikuwa ya kukumbuka ulipofikia tu. Ndiyo maana katikati ya mchezo inakwambia weka CD ya pili. Metal Gear Solid ya 1998 ilikuwa hivyohivyo, CD mbili. Hiyo tena ilitukwamisha vibaya: kuna mahali unaambiwa namba ya redio iko nyuma ya kasha la CD, na sisi CD zetu zilikuja kwenye mifuko ya nailoni. Kasha tulione wapi? Namba ni 140.15, kama kuna mtu bado amekwama.

PS2 ikaleta DVD mwaka 2000 na mtindo huo ukapungua sana. Ukarudi kwenye Xbox 360, maana yenyewe iling'ang'ania DVD ya GB 8.5 wakati PS3 ina Blu-ray inayofika GB 50. L.A. Noire ya 2011 ilikuwa diski tatu kwenye Xbox, moja kwenye PS3. Gemu ileile! Kwa hiyo hapo kijana wako yuko sawa, diski ikiwa ndogo zinaongezeka.

Lakini itazame GTA V ya 2013 kwenye Xbox 360. Diski mbili: ya kwanza unaingiza mzigo kwenye mashine mara moja, ya pili ndiyo unayochezea. Hubadilishi katikati ya hadithi. Huo ndio mfumo ulionao wewe kwenye Red Dead. PS4 na PS5 hazichezi kutoka kwenye diski, zinanakili gemu ndani kwanza, kisha ile diski inabaki kuthibitisha kwamba gemu ni yako. Ni kama hati ya kiwanja: nyumba haimo ndani ya karatasi, ila bila karatasi huna neno.

Sasa PS5. Diski yake inaweza kufika GB 100, mara mbili ya zile za PS4, na gemu nyingi zinatosha humo. Kuna jambo jingine watu hawalijui. Kwenye diski kuu za zamani zinazozunguka (HDD, ile hifadhi ya ndani ya mashine), watengenezaji walikuwa wanarudia kitu kimoja mara nyingi ili mashine isihangaike kukitafuta. Mark Cerny aliyeisanifu PS5 alilieleza hilo Machi 2020: vitu vidogo vya mtaani, sanduku la barua kwa mfano, vilinakiliwa mara mamia ndani ya gemu moja. SSD, hifadhi ya ndani ya PS5 isiyozunguka, haihitaji hivyo, inakifikia chochote papo hapo. Kwa hiyo mafuta mengine yamepunguzwa.

Za diski mbili bado zipo. Final Fantasy VII Rebirth ya Februari 2024 ni mbili kwenye PS5, moja ya kuingizia na moja ya kuchezea. Baldur's Gate 3 nayo mbili. Lakini ukihesabu kwenye rafu la duka utaona ni chache, na sioni zikiwa nyingi. Sababu ni pesa. Kila diski ya ziada ni gharama kwa anayeitoa gemu, naye ana njia rahisi zaidi: anaweka kipande kwenye diski, kilichobaki unashusha mwenyewe kwa bando lako. Diski ya Call of Duty: Modern Warfare II ya 2022 kwenye PS5 ilikuwa na kama MB 70. MB, siyo GB. Gemu nzima ilikuwa mtandaoni. Nintendo Switch 2 iliyotoka Juni 2025 imelirasimisha kabisa jambo hilo, ina kadi za gemu ambazo ndani hamna gemu, ni ufunguo wa kushushia tu. Halafu jukwaa hilohilo lina Cyberpunk 2077 nzima kwenye kadi ya GB 64, kwa hiyo anayetaka kuiweka yote anaweza.

Mimi nikiwa wewe ningeogopa kasha lenye diski moja isiyo na gemu ndani kuliko kasha lenye diski nne. Sisi wa Kusini tunajua kwa nini. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kikaja na mvua, barabara ya Dar ikakatika kule Somanga, mzigo wa Kariakoo ukalala njiani. Hatujapumua, nyaya za intaneti za baharini nazo zikakatika mwezi huohuo, mtandao ukawa wa kuombea. Wateja wangu waliokuwa na gemu kamili kwenye diski waliendelea kucheza. Waliokuwa na makasha ya aina ile walinipigia mimi simu, kana kwamba ningezama baharini kuunga waya.

Kuhusu kukodisha: ile ya kuingizia isitoke kibandani. Mteja alete PS4 yake, muingizie pale, aondoke na ya kuchezea. Itachukua muda, mpe benchi na soda. Hata ya kuchezea ikipotelea Masasi, aliyeiokota haimsaidii maana peke yake haiwaki.

Mwana_Msimbati

Aisee fundi, hilo la kubaki na ile ya kuingizia sikuwa nimeliwaza. Watu wataona usumbufu kubeba mashine kwenye bodaboda lakini bora usumbufu huo.

korosho_ghafi

Sawa fundi, ila useme na upande wa pili. Kwenye duka la mtandaoni gemu ya miaka miwili nyuma inashuka bei mpaka unashangaa, na haina shemeji wala mikwaruzo. Ukishanunua, hata mashine ikifa unaishusha tena kwenye nyingine.

Fundi wa Mtanda (Lindi)

Kwa mtu wa nyumbani mwenye mtandao mzuri, nakubali, sibishi. Huyu mwenzetu lakini anakodisha. Gemu ya kushusha utaikodishaje, umpe mteja nywila yako? Na ukiichoka huwezi kumuuzia mtu. Kasha la Red Dead analinunua leo, baada ya mwaka anamuuzia mwingine.

Bi Mkubwa wa Mikindani

Samahanini, mimi si mchezaji, mimi ni mama wa wachezaji. Nyie mnaongelea diski kujaa, kwangu kinachojaa ni mashine. PS4 yetu ni ya GB 500. Mkubwa akitaka gemu yake anafuta ya mdogo, mdogo akirudi shule analia, inatafutwa ile diski ya kwanza, haionekani, iko chini ya kochi. Mkikaa hapa mkakubaliana kwamba diski zitakuwa mbili au moja, mimi bado nina ugomvi sebuleni. Hakuna dawa?

Fundi wa Mtanda (Lindi)

Shikamoo mama. Umegusa penyewe, kuliko sisi wote. Gemu moja kubwa inaweza kufika kama GB 100, na ukiingiza kama hizo nne au tano PS4 ya GB 500 imekwisha, maana mfumo wenyewe nao unakula nafasi. Hata PS5 ya kwanza imeandikwa GB 825, unayoiona wewe ni kama 667.

Dawa ipo. Nunua diski ya nje ya USB, iunganishe, PS4 itaiandaa na gemu zitakaa na kuchezewa humohumo. Kila mtoto na gemu zake, hakuna kufutana. Iandae kabla hamjaweka kitu kingine, maana itafuta kilichomo, usije ukaweka yenye picha za harusi.

Mwana_Msimbati, hapa na wewe usikie. Kwenye PS5 mambo ni tofauti: gemu za PS4 zitachezeka kutoka kwenye diski ya nje, ila gemu za PS5 zenyewe zitakaa humo kama stoo tu. Ukitaka kuzicheza lazima uzirudishe ndani, au uongeze SSD ya M.2, ile ndogo bapa ya kuchomeka ndani ya mashine, kwenye nafasi yake. Nafasi hiyo ilifunguliwa kwa apdeti ya Septemba 2021, kwa hiyo ukipewa ya mtumba isiyoiona SSD, iapdeti kwanza kabla hujamlaumu aliyekuuzia.

Mwana_Msimbati

Basi nimeamua yenye sehemu ya CD. Kuna jamaa ana PS5 ile nyembamba isiyo na CD, anasema nichukue hiyo kwa bei ndogo halafu sehemu ya CD nitabandika baadaye. Inawezekana?

Fundi wa Mtanda (Lindi)

Kama ni ile iliyotoka mwishoni mwa 2023, inabandikwa. Nyembamba zenyewe ndiyo hizo, ila wengine huku wanaiita nyembamba hata ile ya 2020 isiyo na CD, na hiyo haibandikwi kitu. Angalia ubavuni kama kifuniko kimegawanyika vipande. Na siku ya kubandika uwe na intaneti, maana lazima kile kifaa kisajiliwe mtandaoni mara ya kwanza. Bila hapo hakisomi. Ukishasajili unaweza kuzima mtandao wako ukaendelea.

Jumlisha bei ya mashine na ya kifaa kabla hujashangilia. Mara nyingi inakuja kuwa sawasawa na kununua yenye CD moja kwa moja.

Bi Mkubwa wa Mikindani

Marahaba mwanangu. Hiyo diski ya nje nikamwambie muuzaji nini, asije akanipa flashi?

Fundi wa Mtanda (Lindi)

Mwambie diski ya nje ya USB 3, kuanzia GB 250 kwenda juu. Chini ya hapo PS4 inaikataa. Chukua ya TB 1 kama mfuko unaruhusu. Alhamisi nitakuwa Mtwara, ukikwama niandikie hapahapa nipite Mikindani.