Bima ya safari ya meli ya kitalii: ya kampuni ya meli, ya nje, au ile ya kadi ya benki?

Bahari Shwari:
Habari za muda huu wakuu. Tumeshalipia safari ya meli ya kitalii, siku 8, limebaki jambo moja tu: bima. Mezani ziko tatu.

Ya kwanza inauzwa na kampuni ya meli yenyewe. Matibabu hadi dola 25,000, kuhamishwa kwa dharura hadi 50,000, na ukighairi safari kwa sababu yoyote ile unapewa vocha ya safari nyingine.

Ya pili ni ya kampuni ya bima ya nje, yaani isiyohusiana na kampuni ya meli. Matibabu 100,000, kuhamishwa 500,000. Bei yake karibu mara mbili ya ile ya kwanza.

Ya tatu inakuja na kadi yangu ya benki, bure.

Nichukue ipi? Nina hadi Ijumaa.

Pweza:
Ya meli, usijisumbue. Nimesafiri na meli hizi mara 5 na bima yao, sijawahi kupata shida hata siku moja. Ukiumwa wanamalizana wao kwa wao.

Mama Pacha:
Pweza, asiyewahi kudai fidia ndiye asiyejua bima yake ikoje. Mleta mada, maelezo yako ni nusu. Mko wangapi? Umri? Meli inapita wapi? Ndege iko ndani ya tiketi ya meli au mmekata wenyewe? Bila hayo tutakuwa tunapiga ramli tu hapa.

Karani Mkuu:
Naongezea: malipo ya kwanza ulilipa lini? Na kuna mwenye maradhi ya kudumu kati yenu? (Nimefanya kazi ya bima miaka mingi, sasa niko idara nyingine, kwa hiyo sina ninachouza.)

Chuma cha Reli:
Bima zote wizi mtupu. Kila safari weka hiyo hela pembeni. Ukifika safari ya 10 una akiba ya kujitibu popote duniani.

Karani Mkuu:
Mkuu Chuma, na ukiugua safari ya 2? Ndege ya wagonjwa yenye daktari ndani ni makumi ya maelfu ya dola, na ikilazimika kuvuka bahari kuu inaweza kupita 100,000. Ndiyo maana naitazama ile 50,000 ya meli kwa jicho la pembeni.

Bahari Shwari:
Samahani wakuu, niliandika kwa haraka. Tuko wanne: mimi, mke wangu, mtoto wa miaka 9 na mama yangu. Tunapandia Piraeus, Ugiriki, tunapita Santorini, Rhodes na Kuşadası, tunarudi Piraeus. Ndege tumekata wenyewe. Mama ana miaka 71 ila yuko fiti kabisa.

Kijukuu:
"Yuko fiti kabisa" ni maneno ya mtoto, sio ya daktari. Anameza dawa yoyote?

Bahari Shwari:
Presha tu. Na miezi mitatu iliyopita alilazwa siku 3, wakambadilishia dawa. Malipo ya kwanza nilifanya wiki 6 zilizopita.

Kijukuu:
"Presha tu." Haya.

Karani Mkuu:
Sasa ndiyo tunaanza kuongea. Kampuni nyingi, hasa za Marekani, zinaangalia nyuma siku 60 hadi 180 kabla ya siku uliyokata bima. Ndani ya siku hizo mtu akiwa amelazwa, au amebadilishiwa dozi tu, ugonjwa huo unahesabiwa kuwa haujatulia na hawalipi chochote kinachotokana nao. Upo msamaha wa kipengele hicho, lakini kwa kawaida sharti uwe umekata bima ndani ya siku 14 hadi 21 tangu malipo ya kwanza. Wewe una wiki 6, mlango huo umeshafungwa. Kughairi kwa sababu yoyote na kurudishiwa fedha taslimu, ambako huwa ni asilimia 50 hadi 75, nako mara nyingi kuna dirisha hilo hilo.

Kuna njia nyingine, na Uingereza ndiyo kawaida yao: unataja maradhi yote, wanakuhoji, wanapandisha bei, kisha wanakuandikia kwamba wameyakubali. Kwa mama yako tafuta hiyo. Waulize hao wa nje kama wanaifanya. Na usimfichie mzee wako hata kidonge kimoja. Siku ya madai jambo la kwanza wanaloomba ni faili lake la hospitali.

Pweza:
Mnamtisha mtu bure. Ni siku 8, sio miaka 8.

Mama Pacha:
Ngoja niwaeleze yaliyotupata, maana Pweza anaongea kama mtu aliyelala usingizi safari zote 5.

Siku ya nne ya safari mume wangu aliamka saa 9 usiku ameshika tumbo upande wa kulia. Zahanati ya melini iko ghorofa za chini huko, tukateremka kwa lifti, mwenzangu amejikunja kama kamba aliyechemshwa. Daktari akambonyeza mara mbili, akasema hiki ni kidole tumbo na humu ndani hapasuliwi mtu. Akamtundikia dripu. Tukaambiwa tutashushwa bandari inayofuata, saa 12 asubuhi. Nikapewa dakika 40 za kufunga mizigo ya watu wawili. Pasi zetu za kusafiria zilikuwa mapokezi, ikabidi waamshwe watu. Na kabla hatujashuka, bili ya zahanati ilishakatwa kwenye akaunti ya chumba. Ilikuwa na mistari miwili: "matibabu" na "dawa". Mistari hiyo ikumbukeni.

Hospitali ya huko wakataka malipo kabla ya kumpokea. Napiga namba ya dharura iliyo kwenye kadi ya bima, haipatikani. Kumbe ni ile namba ya bure inayofanya kazi ndani ya nchi yao tu. Nimesimama dirishani napekua karatasi kurasa 38 kutafuta namba nyingine, mume wangu analia kwenye kiti cha magurudumu, muuguzi ananitazama. Nikalipa kwa kadi yangu. Saa 5 akapasuliwa, Mungu akasaidia.

Sasa njoo kwenye fidia. Fedha za hospitali zilirudi baada ya miezi 7, zimekatwa kwa sababu "hatukuomba kibali kabla ya upasuaji". Bili ya meli wakaikataa kwa kuwa haina mchanganuo. Niliwaandikia watu wa meli mara 3 wanichanganulie ile mistari miwili, sijajibiwa mpaka leo. Hoteli yangu usiku 6 wakati yeye amelazwa, hapana, msindikizaji hakuwemo kwenye hati. Tiketi mpya za ndege, nusu. Siku za meli tulizopoteza, hapana.

Na viatu vyake vilibaki chini ya kitanda melini. Katoka hospitali, kapanda ndege mbili, kaingia nyumbani na kandambili za wodini. Hadi leo anazo, anaendea bafuni.

Pweza:
Pole sana dada. Ila hiyo si ilikuwa bima ya nje? Hapo umenisaidia mimi.

Mama Pacha:
Ilikuwa ya nje, ndiyo, ile ya bei ya chini kuliko zote. Sikusema ya nje ni malaika. Nasema soma hati. Tafuta mambo manne tu: namba ya simu inayopatikana popote, kama wanailipa hospitali moja kwa moja, msindikizaji, na safari iliyokatika katikati.

Kijukuu:
Kuhusu ya kadi: nyingi zinagusa kughairi na mizigo, matibabu ni kidogo au hakuna kabisa. Halafu soma kama lazima safari yote iwe imelipwa kwa kadi hiyo.

Bahari Shwari:
Nusu nililipa kwa kadi, nusu kwa uhamisho wa benki.

Kijukuu:
Basi umebaki na mbili.

Bahari Shwari:
Kuna kitu nilisahau kusema. Tulipoomba visa ya Schengen (visa moja ya kuingia nchi nyingi za Ulaya, Ugiriki ikiwemo) tulikata bima ya matibabu, ile ya euro 30,000. Haiwezi kutosha, nikaongezea tu ya meli?

Mama Pacha:
Wewe bwana unatoa habari kijiko kijiko kama dawa ya kikohozi!

Karani Mkuu:
Hiyo 30,000 ndiyo kiwango cha chini kinachotakiwa na masharti ya visa, na sharti ni kwamba ifanye kazi nchi za Schengen. Kuşadası iko Uturuki. Mama akizidiwa pale, hati hiyo inaweza isiwe na maana yoyote. Isome eneo lake. Na ukiwa hapo itazame visa yenyewe. Ni ya kuingia mara moja au mara nyingi? Meli ikienda Uturuki mmetoka Schengen, ikirudi Rhodes au Piraeus mnaingia upya. Bima haimlipi mtu aliyezuiwa kwa kukosa karatasi.

Bahari Shwari:
Naangalia pasi sasa hivi.

Bahari Shwari:
Mara nyingi, zote nne. Nimetokwa na jasho.

Chuma cha Reli:
Mnasahau kwamba meli ina wajibu kisheria. Upo Mkataba wa Athens wa 1974, wenye meli wanalipa abiria akiumia. Meli ya kitalii ya Costa Concordia ilipopanda mwamba pale kisiwa cha Giglio, Italia, Januari 2012, wakafa watu 32, waliolipa fidia ni wenye meli, sio bima ya kadi ya mtu.

Karani Mkuu:
Mkataba upo, na itifaki ya 2002 iliuongezea nguvu. Lakini unahusu madhara yaliyosababishwa na meli: imezama, imegonga, imeungua, au wafanyakazi wake wamezembea. Presha ya mama haikusababishwa na nahodha. Na hata ukiwa na haki, unakwenda kudai kwa mawakili, wakati hospitali inataka fedha leo.

Chuma cha Reli:
Sijasema presha. Nimesema wajibu upo.

Karani Mkuu:
Sawa mkuu, upo.

Pweza:
Mimi kinachoniudhi ni bandari kurukwa. Mara ya tatu kwangu, Santorini yenyewe. Meli kubwa hazifungi gati pale, mnashushwa kwa boti. Upepo ukapanda, nahodha akatangaza tunapita. Mji mweupe tumeuona kwa mbali kama sukari iliyomwagika juu ya jiwe. Wakarudisha ushuru wa bandari tu, basi.

Kijukuu:
Tiketi ya meli inampa nahodha ruhusa hiyo. Kuna bima chache zenye kipengele cha bandari iliyorukwa, wanakulipa kiasi kidogo kwa kila bandari. Zingine zinalipa pia siku ukifungiwa chumbani kwa amri ya daktari, kama kuna ugonjwa wa kutapika na kuhara melini. Mimi binafsi siwezi kuchagua bima kwa vitu hivyo.

Mama Pacha:
Ila ndege usiichezee. Mmekata wenyewe, basi fikeni siku moja kabla. Meli haimsubiri mtu aliyekata ndege yake mwenyewe, na bima nyingi hazilipi mpaka ndege ichelewe saa kadhaa, iwe kwa sababu iliyoandikwa kwenye hati.

Bahari Shwari:
Tunafika asubuhi ya siku ile ile, meli inaondoka saa 11 jioni. Nitaangalia kama tiketi zinabadilika. Mke wangu naye anauliza kuhusu kutapika, huwa anatapika hata kwenye kivuko.

Pweza:
Chumba cha katikati ya meli, ghorofa za chini. Mbele na juu ndiko kunakoyumba zaidi. Hilo ninalijua kuliko nyie wote.

Chuma cha Reli:
Tangawizi.

Pweza:
Tangawizi haijawahi kumsaidia mtu, Chuma. Vidonge, tena kabla meli haijang'oa nanga, sio baada.

Chuma cha Reli:
Imenisaidia mimi.

Bahari Shwari:
Wakuu, nimewapigia wale wa nje kuhusu mama. Wanapokea wenye maradhi, ila kuna fomu kurasa 4. Swali la kwanza ni jina na dozi ya dawa aliyoachishwa. Nimemuuliza mama, anasema ilikuwa nyeupe.

Kijukuu:
Jina liko kwenye kasha.

Bahari Shwari:
Kasha alilitupa.

Mama Pacha:
Kesho asubuhi muwe hospitali aliyolazwa, mkaombe muhtasari wa matibabu. Leo ni Jumatano, ndugu yangu.