Binti ya miaka 15, chunusi uso muzima, nifanye nini?

mama_wa_bane: Bandugu wa Bukavu jambo. Binti yangu wa pili iko na miaka 15, tangu mwezi wa pili uso umejaa chunusi, sasa hata ku shule hataki kwenda juu wenzake banamucheka. Alijinunulia kremu ya tibu ndogo (ile ya kukamua) pale Kadutu, wiki ya kwanza uso uling'aa hadi miye nikafurahi, sasa zimerudi mara mbili na ngozi imekuwa nyekundu nyekundu. Mama mukwe anasema ni uchafu, asugue na sabuni ya kufulia na ndimu. Ni kweli?

yaya_nyawera: Mama usimuache na ile ndimu!! Mie niliipakaa nikatoka nayo ku jua, madoa yalibaki mwaka muzima. Angalia nyuma ya tibu kama kumeandikwa clobétasol.

mama_wa_bane: Njo hiyo, clobétasol 0,05%.

muuguzi_ibanda: Basi mambo imejulikana. Hiyo ni kortizoni kali, dawa ya kutuliza uvimbe wa ngozi, bantu banaitumia juu inatakatisha ngozi. Inatuliza uwekundu mwanzoni kisha yenyewe inaleta chunusi. Akiacha zitazidi kwanza, hapo njo wengi banarudia tibu, asirudie, mumupeleke kwa daktari amuangalie. Na si uchafu mama, umri huo homoni zinaongeza mafuta, vitundu vya ngozi vinaziba. Anawe asubuhi na jioni na sabuni laini, kwa vidole, bila kusugua. Ngozi ikitulia, daktari anaweza kumupatia peroksidi ya benzoili, dawa ya chunusi ya kupakaa, ya 2,5% ao 5% inatosha, usiku moja apakae usiku moja aache, na mungoje wiki 6 mpaka 8. Ila inapausha nguo! Mwanangu aliharibu foronya yangu ya bluu, sasa analalia nyeupe.

yaya_nyawera: Na zile za paji? Anapakaa mafuta ya nywele?

mama_wa_bane: We yaya, anasuka kila wiki mbili na ile ya kopo inatiririka mpaka ku nyusi! Leo nimemupangusa paji, kitambaa kikatoka na manjano. Na anakamua, kucha ndefu kama nini.

muuguzi_ibanda: Kucha zikatwe leo leo, njo zinaacha madoa. Mafuta ya nywele apakae nyuma ya kichwa tu, na kitambaa ya kichwa ifuliwe.

mama_wa_bane: Aksanti sana. Tibu nimeitupa mu choo, anasema alilipa na pesa yake, amenuna tangu asubuhi.