Mtu anakuitia bodaboda katikati ya mchakamchaka, ndo nini hii??

Wakuu nina hasira hapa hata chai haishuki. Yule bwana filimbi wa mchakamchaka wa Jumamosi, wa Kigoma mnamjua sina haja ya kumtaja, yule kitambi kinatangulia yeye anafuata. Leo kaniitia BODABODA.

Ile kupanda kutoka stesheni kuja Mwanga mnaijua, pale hata lori la mchanga linalia. Niko nyuma, sawa, nyuma SANA, lakini si nakuja? Mdogomdogo, pumzi zinatokea masikioni, mara filimbi priii, kundi zima likasimama, anamwita boda "kijana mbebe huyu mama utatuwekea pale Mwanga". Utatuwekea! Kama gunia la muhogo! Wakacheka wote, mpaka wauza mawese pembeni wakacheka. Na mama nani, nina miaka 31 mimi.

Kila siku mnatuimbia presha, sukari, amkeni mfanye mazoezi, mtu unajivuta alfajiri na kimvua hiki unaacha shuka la moto, unaishia kuitiwa bodaboda. Hamu ya kuamka tena itoke wapi? Bodaboda wakuu. Mbele za watu.

Mgebuka Mkavu: Swali dogo tu dada, ulipanda hukupanda?

Mleta uzi: Hilo sio la msingi.

Mgebuka Mkavu: 😂😂😂 kapanda huyu

Kaka wa Gungu: Nauli kalipa nani?

Mleta uzi: Yeye! Ndo kinachoniuma zaidi, bora angenidhalilisha kwa hela yangu.

Mnyamwezi Halisi: Hamieni Tabora, huku tambarare hamna kilima cha kusingizia. Na bado siamki, raba nilizonunulia mazoezi shemeji yenu anaendea shamba.

Babu Tiba: Achana nao mwanangu. WHO wanasema mtu mzima dakika 150 kwa wiki, na kutembea harakaharaka kunahesabika. Nusu saa kwa siku 5 umemaliza, shika njia ya Ujiji bila filimbi ya mtu.

Kaka wa Gungu: Babu alfajiri hiyo na wale mbwa? Ila kweli, siku waliyonifukuza ndo siku pekee nimekimbia bila kupumzika.

Mama Mapacha: Mi boda haijanihusu, nina ugomvi na lile spika lao. Saa kumi na moja "mchakamchaka chinja!" dirishani kwangu, watoto ndo kwanza wamelala jamani

Fundi Cherehani: Na fulana je? Tumechanga tangu kiangazi, ukimuuliza anapuliza filimbi.

Mgebuka Mkavu: Fulana zimekuja mbona, ila saizi za darasa la pili

Mleta uzi: Jamani turudi kwenye bodaboda

Fundi Cherehani: Subiri kwanza dada. Zimekuja lini na nani anazo?? Na si tulikubaliana ziwe za bluu?

Mgebuka Mkavu: Za njano mkuu 😂