Nyumba ya Mji Mkongwe yenye mti ukutani: niendelee au niache?

Swali: Ndugu zangu, kwa wiki tatu dalali amekuwa akinizungusha Mji Mkongwe, Unguja, kutazama nyumba kuukuu za kununua. Ya jana, huko Malindi, ilinishangaza: mti umeota kwenye ukuta wa ghorofa ya juu, mizizi imeteremka hadi jikoni, na choo kisicho na mlango kimejengwa katikati ya ukumbi (dalali alikiita cha kisasa). Kuta zimepigwa plasta mpya ya saruji, lakini nilipoigonga ilidondosha chembe za chumvi. Je, niendelee?

Jibu la kwanza: Mimi ningeiogopa plasta kuliko mti. Kuta hizo ni za mawe ya matumbawe na chokaa; saruji huzuia unyevu usitoke, nao huozesha ncha za boriti za mikoko zilizoingia ukutani. Chukua bisibisi uchome boriti pale inapokutana na ukuta, na ikizama kama kwenye muhogo wa kuchemsha, ondoka.

Jibu la pili: Mji huo umo katika urithi wa dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000, hivyo ukarabati unahitaji kibali cha mamlaka ya uhifadhi. Hakikisha pia kwamba nyumba si ya wakfu. Mimi niliwahi kuonyeshwa nyumba ambayo wapangaji wake hawakujua kuwa inauzwa.

Muulizaji: Ahsanteni. Nimerudi leo na bisibisi, ikazama hadi mpini. Dalali anasema anayo nyingine Shangani, isiyo na mti.